Daktari Aliyechana Nyavu: Paulino Alcántara wa Iloilo

Mabibi na mabwana,

Mwezi Machi 2014, Lionel Messi alipoifunga Osasuna mabao matatu, ilitangazwa kwamba amevunja rekodi ya Barcelona iliyodumu tangu mwaka 1927. Rekodi hiyo ilikuwa ya mabao 369 katika mechi 357, na mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Iloilo nchini Ufilipino. Wengi walilisikia jina la Paulino Alcántara siku ile ile alipopitwa. Ninaomba leo tuitazame hesabu hiyo kwa uangalifu, kwa kuwa inamficha mtu mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 7 Oktoba 1896, baba akiwa ofisa wa jeshi la Hispania na mama Mfilipino, mwaka ule ule Wafilipino waliposhika silaha dhidi ya utawala wa Hispania. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu hivi, familia ilihamia Barcelona, na huko Joan Gamper, mwasisi wa klabu, akamwona akicheza katika timu ndogo ya Galeno. Tarehe 25 Februari 1912, akiwa bado na miaka 15, alishuka dimbani kwa mara ya kwanza dhidi ya klabu ya Català. Barcelona ilishinda 9-0, na mabao matatu ya mwanzo yalikuwa yake. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye desturi ya kucheza huku leso nyeupe ikining'inia kiunoni mwa kaptura yake.

Sasa turudi kwenye hesabu. Ligi ya Hispania ilianza mwaka 1929, naye alikuwa amekwisha kutundika daluga. Mabao yake, kwa hiyo, yalitokana na ubingwa wa Catalonia, Kombe la Mfalme na mechi nyingi sana za kirafiki. Wapo wanaoyabeza kwa sababu hiyo, lakini nadhani wanakosea, maana mechi ya kirafiki ya zama zile ndiyo iliyojaza uwanja na kuiingizia klabu fedha.

Mwaka 1916 wazazi wake walirejea Ufilipino, naye akawafuata na kuanza masomo ya udaktari. Aliichezea klabu ya Bohemians ya huko, na mwaka 1917 alikuwamo katika kikosi cha Ufilipino kilichoifunga Japani 15-2 mjini Tokyo, katika Michezo ya Mashariki ya Mbali. Barcelona iliwasihi wazazi wamrudishe, lakini walikataa. Inasimuliwa kwamba alipougua malaria, mwanafunzi huyu wa tiba aligoma kumeza dawa mpaka aruhusiwe kurudi. Ruhusa ilipatikana!

Aliporejea mwaka 1918, kocha Jack Greenwell, Mwingereza, alimpanga beki. Wanachama wa klabu walinung'unika hadi akarudishwa mbele, na kwa kweli ni vigumu kuwalaumu. Mwaka 1919, katika mechi dhidi ya Real Sociedad, shuti lake lilimkumba askari polisi aliyejikatizia mbele ya goli, na mpira na askari wote wawili wakaishia wavuni. Watangazaji wetu hupenda kusema kwamba mshambuliaji ametikisa nyavu. Huyu, akiichezea Hispania mjini Bordeaux dhidi ya Ufaransa mwaka 1922, alizichana kwa shuti la mbali, na tangu hapo Wahispania wakamwita Romperedes, yaani mpasua nyavu.

Hata hivyo, jambo linalonigusa zaidi ni mechi ambazo hakucheza. Mwaka 1920 Hispania ilipounda timu yake ya kwanza ya taifa kwa ajili ya Olimpiki ya Antwerp, aliitwa, akabaki nyumbani kufanya mitihani ya udaktari. Wenzake walirudi na medali ya fedha. Alisubiri hadi mwaka uliofuata kuvaa jezi ya Hispania, akaifunga Ubelgiji mabao yote mawili ya ushindi, na kwa jumla akapachika mabao sita katika mechi tano tu. Julai 1927, akiwa na miaka 30, aliacha mpira akaenda kutibu wagonjwa.

Wasifu wake una ukurasa mwingine ambao mashabiki hupenda kuuruka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Hispania mwaka 1936, Alcántara alikimbia Barcelona, akajiunga na upande wa Jenerali Franco, aliyeongoza uasi dhidi ya serikali ya jamhuri, na mwaka 1939 akaingia tena mjini pamoja na majeshi yaliyouteka.

Ukocha wake ulikuwa mfupi: mwaka 1951, akiwa mmoja wa wateuzi watatu wa timu ya Hispania, alisimamia mechi tatu, dhidi ya Uswisi, Ubelgiji na Uswidi, bila kupoteza hata moja. Alifariki Barcelona tarehe 13 Februari 1964, nusu karne kabla ya magazeti kulitafuta tena jina lake.