Fuata Maji Ufike Kwenye Zabibu

(Mhadhara uliotolewa Upanga, Dar es Salaam, mbele ya kikundi cha wapenda matembezi. Umeandikwa kama ulivyosemwa, pamoja na maswali mawili ya mwisho.)

Mwenyekiti, wazee wangu, kaka na dada, asanteni kwa kuja licha ya foleni ya Ijumaa. Wanaostahili shikamoo, shikamooni. Waliobaki, mambo? (Kicheko.)

Naomba wanyooshe mikono ambao hawajawahi kufika Dodoma. Wachache sana. Sasa wanyooshe waliowahi kwenda kwa jambo lisilo semina, kikao, usaili wa kazi, wala kumpeleka mtoto chuoni. Mnaona? Wachache zaidi. Sisi wa Dar tunaifahamu Dodoma ya kitambulisho shingoni na posho mfukoni. Tunalala, tunasaini, tunarudi, na mkononi tumebeba mfuko wa zabibu tulizonunua barabarani bila kuuliza zimetoka shamba gani.

Leo nataka niwape njia moja ya kuitembelea nchi ile, nayo ni hii: fuateni maji. Mkoa mzima wa Dodoma unapata msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, na kwa mwaka mzima mvua hiyo ni kama milimita 500 hadi 600. Hapa kwetu tunapita 1,000 na bado tunalalamika Jangwani kunafurika. Ukilishika hilo la mvua, mashamba ya zabibu, michoro ya Kondoa, njia za misafara na hata magofu ya Kongwa vyote vitakueleweka. Usipolishika, utaona vichaka, mibuyu na vumbi, utarudi ukisema hakuna kitu.

Tuanze na zabibu, maana najua ndizo zilizowaleta wengine wenu. (Kicheko.)

Mizabibu ililetwa Ugogo, yaani nchi ya Wagogo huko Dodoma, na wamisionari wa Kikatoliki katika miaka ya 1950, na Bihawana, nje kidogo ya mji, ndiko inakotajwa sana. Mapadri walihitaji divai ya misa, na mti uliwakubali. Kwa nini uliwakubali mahali ambapo hata mahindi hugoma? Hapa ndipo pa kukaa kidogo.

Katika nchi za Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi kali, huamka majira ya joto, huzaa mara moja kwa mwaka. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi ndiye anayeupangia ratiba. Akishavuna, anauacha upumzike, kisha anaupogolea, yaani anakata matawi mpaka unabaki kama gongo kavu, ungedhani ameuua. Baada ya siku chache machipukizi yanatoka, na baada ya miezi kama minne kuna vichala vya kuvuna. Kwa hiyo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya mwanzoni mwa mwaka hukutana na mvua, na mvua juu ya zabibu iliyoiva ni msiba: ukungu, ubwiri, matunda kupasuka, sukari kupungua. Mavuno ya kiangazi, kuanzia kama Agosti, ndiyo mkulima anayoyapenda. Jua kali, usiku wa baridi kwa sababu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa kavu. Ukame ule ule tunaousikitikia ndio unaoifanya zabibu iwe tamu.

Ukitaka kuona haya kwa macho, nenda Makutupora, kaskazini mwa mji, kwenye kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Kuna aina nyingi zimepandwa pale, pamoja na ile nyekundu inayoitwa Makutupora yenyewe, na Chenin Blanc kwa mvinyo mweupe. Hombolo kuna kiwanda cha mvinyo na bwawa kubwa lililojengwa wakati wa mkoloni, ndege wa maji tele asubuhi. Chinangali, upande wa Chamwino, kuna mashamba ya wakulima wadogo waliounganishwa kwenye mradi wa umwagiliaji. Ombeni ruhusa kabla ya kuingia, msikanyage matuta, na mkiuziwa kichala kwa bei ya shambani msibishane mpaka mkamwaibisha mtu. Mkulima anayekosa mnunuzi hana pa kuzihifadhi zabibu zake. Ama anazikamua na kuuza mchuzi wa zabibu kwa viwanda, ama zinamwozea. Wasiokunywa msinune: zabibu za mezani zipo, na juisi ipo.

Sasa niwaonyeshe jambo ambalo mgeni halioni kwa sababu liko chini ya miguu yake. Makutupora hiyo hiyo ni bonde lenye maji mengi chini ya ardhi. Visima vya Mzakwe, katika bonde hilo, vimekuwa vikiunywesha mji wa Dodoma tangu miaka ya 1950. Vipimo vya kina cha maji vimewekwa pale miaka na miaka, na wanasayansi walipovichambua waligundua kwamba bonde halijazwi na mvua za kawaida. Mvua za kawaida zinaishia kwenye udongo na majani. Bonde linajazwa na ile miaka michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama El Niño ya 1997 na 1998, halafu mji unaishi kwa akiba hiyo mpaka mvua nyingine kama ile. Mji ulitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, Serikali ikahamia kwa kasi kuanzia 2016, na wote hao wanakunywa. Kwa maoni yangu, mtu akifika Dodoma na kutembelea mashamba ya mvinyo bila kusimama Makutupora na kulitafakari hilo, ameona nusu.

Misafara ya karne ya 19 ilijua habari hii kuliko sisi. Njia kuu kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, ikavuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ikaingia Ugogo. Watemi wa Wagogo walishika visima na madimbwi, na kila msafara ulilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, si rushwa ya siku hizi: nguo, nyaya, shanga. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita 1871 akimtafuta mmisionari Livingstone, na Stanley alilalamika sana kuhusu hongo hiyo. Mimi simwonei huruma. Umekuja na mamia ya wapagazi, unataka kunywa maji ya watu na kununua mtama wao kipindi cha njaa, halafu unashangaa kutozwa? Leo tunalipa kiingilio hifadhini wala hatuandiki kitabu cha malalamiko. (Kicheko.)

Mpwapwa yenyewe ni mji mtulivu chini ya milima, na wamisionari wa Kianglikana walifika pale mwaka 1876. Siku hizi ukipanda treni ya umeme, iliyoanza kwenda Dodoma Julai 2024, unaweza kushuka Gulwe badala ya kufika mwisho wa safari. Karibu wote hupitiliza.

Kongwa nitaisema kwa ufupi ingawa inastahili mhadhara wake. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wa karanga: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walihitaji mafuta ya kula baada ya vita. Walileta matrekta, na mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru. Ila udongo wa Kongwa, mvua ikikoma, hukauka ukawa mgumu kama tofali la kuchoma, karanga zikabaki zimefungiwa ardhini. Kufikia 1951 mpango ukazikwa, na takriban pauni milioni 36 zikapotea. Sehemu iliyoachwa haikukaa bure. Tangu miaka ya mwanzo ya 1960 Kongwa ikawa kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe, MPLA ya Angola. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, alikuwa pale. Makaburi ya wapiganaji yapo. Ukienda, tafuta mzee wa mtaa akuzungushe, kwa sababu bila mwenyeji utapita mbele ya jengo la historia ukidhani ni ghala.

Twende Kondoa. Barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa 2018, kwa hiyo hakuna tena kisingizio. Kolo iko kaskazini kidogo ya Kondoa mjini, kando ya barabara hiyo hiyo. Kuna ofisi ya kujiandikisha na kupata mwongoza wageni, halafu mnapanda mlimani.

Eneo lenyewe ni zaidi ya kilomita za mraba 2,300 kwenye miteremko ya Bonde la Ufa, lenye mapango na vibanda vya miamba zaidi ya 150 vilivyochorwa. UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walikuja kunakili michoro mwaka 1951. Michoro mingi ni ya rangi nyekundu inayotokana na udongo wenye chuma: twiga, pofu, tembo, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, kama wamevaa kitu au nywele zimesimama. Juu yake, mara nyingi, kuna michoro ya baadaye ya rangi nyeupe, minene, isiyo na ustadi ule wa kwanza. Michoro ya zamani kabisa inahusishwa na wawindaji, na Wasandawe, ambao lugha yao ina sauti za kugonga ulimi, bado wanaishi upande wa Chemba, si mbali na pale.

Michoro imebaki kwa sababu mwamba ulioinama umeizuia mvua. Pale maji yanapopenya, imefutika. Nawasihi sana: msimwagie mchoro maji ili ung'ae kwenye picha ya simu. Mmoja anafanya, wa pili anaiga, na kila tone linaondoka na rangi.

Lakini sasa nawaletea mgogoro. Pale Kolo kuna mahali panaitwa Mungomi, ambapo wenyeji hufanya tambiko, la kuombea mvua na la kuponya. Pombe ya nafaka humwagwa, na kwa miaka imefika mpaka kwenye michoro. Wahifadhi wanasema inaharibu. Wazee wanasema bila tambiko mahali pale ni mawe tu. Mimi niko upande wa wazee, kwa sharti moja, kwamba wakae na wahifadhi wakubaliane sehemu ya mwamba isiyo na picha. Aliyechora pale hakuwa anapamba ukuta. Na anayechimba chini ya mapango usiku akitafuta hazina ya Wajerumani, huyo hana wazee wala wahifadhi upande wake.

Swali? Ndiyo, dada pale nyuma.

"Tukiwa na Ijumaa jioni mpaka Jumapili, tuchague nini?"

Msijaribu kula mkoa mzima. Pandeni treni Ijumaa. Jumamosi alfajiri Kolo, kwa sababu ni mwendo wa saa kadhaa na kupanda mlima saa sita mchana ni kujitesa. Jumapili asubuhi Hombolo au Makutupora, mchana mle ugali wa uwele na mlenda, jioni treni. Mpwapwa na Kongwa ziwe safari nyingine, kwa gari.

Mzee wangu?

"Na salamu yao ni ipi, tusionekane washamba?"

Mbukwenyi, mkisalimia watu wengi. Mbukwa, akiwa mmoja. Semeni taratibu, mngoje wajibu, salamu za Wagogo hazikimbizwi, wataulizia nyumbani, watoto na ng'ombe. Wewe mzee wangu huna ng'ombe, sema tu hawajambo. (Kicheko.) Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti.