Digrii ya Zamani, Njia Mpya ya Uuguzi: Mhadhara kwa Waafrika Mashariki Waishio Marekani

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja baada ya zamu. Wengi wenu mlifika nchi hii na digrii tayari: ualimu, biashara, sosholojia, kilimo. Leo mna cheti cha CNA, yaani msaidizi wa nesi, na mnahudumia wazee kwenye nyumba za kutunzia. Nikiuliza kwa nini hamsomei unesi, najibiwa, "Nitaanzaje upya miaka minne na umri huu?"

Hakuna anayewalazimisha kuanza upya. Zipo programu za uzamili zinazompokea mtu ambaye digrii yake ya kwanza haihusiani kabisa na uuguzi. Chuo Kikuu cha Yale walianzisha yao mwaka 1974. Columbia wana ya miezi 15, Johns Hopkins ya mihula mitano. Nafasi zinagombewa sana, lakini kwa maoni yangu nyinyi mna kitu ambacho waombaji wengi hawana, na mnakificha.

Kwanza jueni mnaomba nini. Columbia na Hopkins wanakuandaa uwe nesi aliyesajiliwa mwenye shahada ya uzamili. Yale, mwaka wa kwanza ni uuguzi wa msingi na maandalizi ya mtihani wa leseni, NCLEX-RN, kisha unaingia kwenye ubobezi kama ukunga au afya ya akili. Ubobezi huo unauchagua wakati wa kuomba, kwa hiyo barua yako lazima iutetee. Kuna pia shahada ya kwanza ya uuguzi ya haraka kwa wenye digrii nyingine, mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Mwenye watoto na kodi ya nyumba namshauri aitazame hiyo kwanza. Leseni ya unesi utakayopata ni ileile.

Masomo ya awali yanayotakiwa kabla ya kudahiliwa hutofautiana, lakini mengi hujirudia: anatomia na fiziolojia pamoja na maabara, mikrobiolojia, takwimu, mara nyingi kemia, lishe na saikolojia ya ukuaji. Vyuo vingi huweka ukomo wa miaka kwa sayansi, mitano, saba au kumi. Biolojia uliyosoma Nairobi au Dar es Salaam mwaka 2006 huenda ikakataliwa, ingawa digrii yenyewe inabaki halali. Masomo hayo yasome kwenye vyuo vya jamii, ambako ada ni nafuu, lakini uliza kwanza kama chuo unachokitaka kinakubali maabara ya mtandaoni.

Sasa barua ya kujieleza, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Nyingi ninazoletewa nizipitie huanza hivi: "Tangu utotoni nimependa kusaidia watu." Ni kweli, siwabishii. Ila kamati ya udahili imeisoma sentensi hiyo mara nyingi mno, na haiwaambii kama unaijua kazi yenyewe.

Chukua zamu ya kawaida. Unamgeuza mzee kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgandamizo. Unapitisha mkono chini ya kisigino, unahisi kina joto kuliko kile kingine, na nyama imekuwa ngumu. Tumefundishwa kutafuta wekundu usiofifia ukibonyezwa. Lakini mzee huyu ni mweusi kama wewe, na kwenye ngozi yetu wekundu huo unaweza usionekane. Umegundua kwa kiganja. Ukamwita nesi, mto ukawekwa chini ya shavu la mguu ili kisigino kisiguse godoro.

Andika hilo, jinsi lilivyotokea, bila jina la mgonjwa wala la mahali. Kisha andika ulichotaka kukijua ambacho mafunzo ya cheti chako hayakukifikia: damu inafikaje mguuni, kisukari chake kina mchango gani, mpango wa matunzo ubadilishwe vipi. Hapo msomaji anaona kwa nini unataka kuwa nesi, na kwa nini sasa. Digrii yako ya zamani nayo ipe kazi. Aliyekuwa mwalimu anajua kumfundisha mtu mzima kujidunga insulini bila kumdhalilisha. Huo ni ujuzi wa uuguzi.

Barua za mapendekezo: moja itoke kwa mwalimu wa sayansi aliyekufundisha karibuni, nyingine kwa nesi anayekusimamia. Mchungaji au shehe wako anakupenda, lakini hajakuona kazini.

Fedha. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026, mkopo wa serikali uitwao Grad PLUS haupo tena kwa wakopaji wapya. Kwa shahada za uzamili za kawaida ukomo ni dola 20,500 kwa mwaka, dola 100,000 kwa jumla. Taaluma kama udaktari na sheria zimepewa ukomo mkubwa zaidi. Orodha ya taaluma hizo iliyopendekezwa mwaka 2025 iliuacha uuguzi nje, jambo ambalo naliona ni dhuluma kwa manesi. Piga hesabu ya ada nzima kabla ya kutuma ombi. Raia na wenye green card wanaweza kuomba ufadhili wa Nurse Corps, unaolipa ada pamoja na posho, nawe unatumikia angalau miaka miwili mahali penye uhaba wa manesi.

Na tafadhali, hakikisheni programu imeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo na ina ithibati ya CCNE au ACEN, mashirika yanayokagua ubora wa programu za uuguzi. Tangazo zuri halikupi leseni.

Wiki hii andikia chuo chako cha nyumbani kikutumie nakala rasmi za matokeo. Aliyesoma nje ya Marekani kwa kawaida hutakiwa tathmini ya somo kwa somo, kupitia mashirika ya kutathmini vyeti vya nje, WES au ECE kwa mfano, na nakala lazima zitoke chuoni moja kwa moja. Kama una ndugu anayeweza kwenda ofisi ya msajili akafuatilia, mpigie leo. Nitapokea maswali sasa, tuanze na wale ambao vyeti vyao vimekwama.