Hiyo "kiasi" ya mama ni vijiko vingapi?

Haya ni maneno niliyoongea Jumamosi mbele ya kina mama na vijana hapa Kitangiri, Mwanza. Kuna kijana alirekodi kwa simu, nimesikiliza nikaandika kama yalivyotoka, nimeondoa tu pale tuliposimama kusubiri umeme urudi.

Mwangaluka wote. Asanteni, kaeni.

Nimepewa nusu saa, na mwenyekiti ananijua, kakaa karibu na saa ya ukutani. Wengi wenu mshanisikia kwenye hili la kuandika mapishi ya wazee wetu. Harusini nimeongea, msibani nimeongea, kwenye kikoba nimeongea mpaka wakaniambia mwalimu tuchange hela kwanza. Leo narudia kwa sababu hamjafanya. Nimeuliza pale mlangoni wakati mnaingia, nani ana daftari la mapishi ya mama yake, watu arobaini na kitu, wamenyoosha wawili. Wawili!

Mi ugomvi wangu ni na neno moja, kiasi. Chumvi kiasi, maji kiasi, moto wa kiasi, acha ichemke kiasi. Unampigia mama yako unamuuliza mlenda unaweka magadi mangapi, anakwambia kiasi tu mwanangu, na we unaitikia sawa mama, unakata simu unaamini umefundishwa. Hujafundishwa kitu. Mama hajakosea, yeye kiasi yake anaijua, iko kwenye vidole. We vidole vyake unavyo?

Mama yangu alifariki 2009. Siku ya kumaliza matanga tulikaa watoto wake watano tukasema leo tule nsansa kama za mama. Na majani yalikuwepo, majani ya kunde aliyoyachuma na kuyaanika mwenyewe, yamebaki kwenye kapu lake. Karanga za shamba lake zipo, chungu chake kipo. Dada mkubwa akasema mama alikuwa analoweka kwanza, mi nikasema hakulowekaga, kaka akasema alikuwa anatia magadi, mdogo wetu akasema mama magadi hakuyapenda kabisa. Kila mtu ana mama yake. Tukapika, tukala, hakuna aliyeongea mpaka sahani zikatolewa, maana wote tulijua haikuwa yenyewe na wa kumuuliza hayupo tena. Kapu lile tulilimaliza kwa kubahatisha hivyohivyo. Mama wa kitenge cha bluu pale mbele unatikisa kichwa, nakuona, ntarudi kwako.

Ndo nikaenda kwa shangazi, Kayenze, kabla na yeye hajaondoka na kiasi yake. Nilienda na daftari, mizani ndogo ya jikoni, kikombe cha robo lita na kijiko cha chai kimoja ambacho sikubadilisha mpaka mwisho maana vijiko navyo havilingani. Nilitaka dagaa wake wa karanga. Shangazi kuona mizani akaniuliza, we mtoto umekuja kula au umekuja kununua? Nikamwambia shangazi leo kila unachotaka kutia chunguni unaniwekea kwanza hapa kwenye sahani nipime. Akasema utanichelewesha. Na kweli nilimchelewesha, tulianza saa nne asubuhi tukala saa nane, wajukuu wamezunguka mlango wanalia njaa.

Lakini sikilizeni. Konzi moja ya dagaa wakavu kwa mkono wa shangazi ni gramu 30. Konzi yangu mi ni 22. Mnaiona hiyo? Akiniambia konzi tano yeye anamaanisha 150, mi natia 110, alafu mchuzi ukiwa mwepesi tunasema shangazi ana mkono mtamu. Mkono mtamu! Mkono mkubwa huo! Miaka yote tunamsifia utamu kumbe ni gramu 40 tulikuwa tunamdhulumu sufuriani.

Chumvi alichota kwa vidole vitatu mara mbili, kupima ni kijiko cha chai kasoro kidogo. Karanga zilizokaangwa zikatwangwa laini kikombe kimoja, zikakorogwa na maji vuguvugu vikombe viwili. Nyanya za kienyeji nne, kitunguu kimoja, mafuta robo kikombe. Moto nao tuliupima. Dagaa wanakaangwa kwanza bila mafuta, moto wa kuni mbili sio tatu, mpaka ukimshika mmoja kichwa kinakatika kwa vidole, na hiyo ilichukua dakika saba. Alafu ndo anawamwagia maji ya moto, anawasugua, mchanga unashuka chini. Kama walianikwa kwenye chanja au juu ya mawe mara moja inatosha, kama walianikwa mchangani mara tatu. Unaona sasa, ukimuuliza kwenye simu unawaosha mara ngapi atakujibu nini? Kiasi. Na atakuwa anasema kweli, kwa sababu hajui we dagaa wako wametoka wapi.

Na kabla ya yote hayo alichukua dagaa mmoja mkavu akamtafuna hivyohivyo. Shangazi unaonja nini? Akasema naangalia kama kanyeshewa. Dagaa akinyeshewa wakati yuko juani anakuwa mchungu, hata umtie nyanya kilo nzima. Akasema masika usije kuniuliza habari ya dagaa. Alafu akaanza habari ya mwezi, kwamba dagaa ni wa giza, anavuliwa kwa taa, mbalamwezi ikiwa kubwa taa haimvuti na wavuvi wengi wanapumzika, kwa hiyo mtu akikwambia hawa wa jana usiku na jana mwezi ulikuwa unawaka kama mchana, muulize mara mbili. Nyie mnaonunua visado kwa visado pale sokoni Mwaloni mnajua. Bas yote hayo ni mapishi jamani. Mi mwezi nimeuandika, uko ukurasa wa pili wa daftari langu, juu ya kitunguu.

Sasa nikarudi mjini nikapika kwa namba zilezile, gramu 150, dakika saba, kila kitu. Haikuwa yenyewe. Wiki iliyofuata nikarudia, haikuwa yenyewe. Nikampigia shangazi nikamsomea daftari lote mstari kwa mstari, ananiitikia eeh, eeh, eeh, mpaka mwisho, alafu akauliza, na bushishi uliweka? Bushishi gani shangazi? Si yale maji yaliyokuwa kwenye kikombe cha bati dirishani! Yani ukwaju. Aliuloweka alfajiri kabla sijafika, akamimina mwishoni wakati mi nimeinama naandika dakika. Na hakunificha. Kwake yeye dagaa bila bushishi hawapo duniani, kunitajia ilikuwa sawa na kuniambia weka chungu jikoni.

Hapo ndo nataka mshike kuliko kote, na mwenyekiti naomba usiniangalie. Mzee hakuachi gizani kwa makusudi. Anachokiruka ni kile anachodhani kila mtu anakijua, na hicho ndo chenyewe. Kwa hiyo usiende kwa bibi saa nne na mizani yako kama mimi, nenda jana yake jioni ulale huko. Uone kinacholowekwa usiku, kinachovundikwa nyuma ya nyumba tangu juzi, uone maji anatoa kwenye mtungi au bombani. Mi nilirudi Kayenze mara ya pili kwa ajili ya bushishi tu. Pande la ukubwa wa yai la kuku kwenye kikombe cha maji, unatia nusu ya hicho kikombe, mwisho kabisa, karanga zikiwa zimechemka dakika kumi na tano. Ukitia mapema shangazi anasema karanga zinakatika. Hiyo sasa ndo ikawa yenyewe. Nililia jikoni kwangu, mume wangu akadhani nimeungua.

Kuna wanaosema mbona bibi kapika miaka sitini bila mizani. Ndio, na akiendelea miaka sitini mingine hataihitaji. Mizani ni yako we ambaye hukukaa jikoni kwake, ulikuwa shule, na yeye ndo alikusukuma uende. Wengine mtasema video ziko kibao. Ziko, na mi naziangalia. Lakini video inakuonyesha mkono unatia, haikwambii mkono ni mkubwa kiasi gani, na inaanza sufuria ikiwa jikoni wakati kikombe cha bati kilianza alfajiri. Kama unarekodi rekodi, ila pima kwanza alafu uongee namba kwa sauti. Na wale wa siri ya familia, mama lishe mnaogopa jirani ataiba biashara, sawa, usimpe jirani. Andika ufungie kabatini na hati ya kiwanja. Ila uandike.

Alafu kuna mambo si ya utamu tu. Udaga, ule muhogo wa kuvundikwa na kuanikwa. Hapa vijana wengi mnakula ugali wa muhogo kwa unga wa dukani hamjui umepitia nini. Muhogo mchungu una sumu, sianidi, na ndo maana unamenywa, unalowekwa au unavundikwa, unaanikwa, ndo unatwangwa. Zile siku hazikuwekwa kwa sababu wazee walikuwa na muda mwingi. Mwaka 1985 kule Tarime ukame uliwabana watu, njaa ikawafanya wafupishe siku za kuandaa muhogo, na watu wakapooza miguu, wengi wao kina mama na watoto. Konzo inaitwa. Miguu ikishakakamaa hairudi. Kwa hiyo mtu akikwambia vundika siku kiasi, kaa naye chini, muulize kipindi cha jua siku ngapi, cha mvua siku ngapi, anajuaje kama tayari, kwa harufu, kwa kuvunja, kwa rangi? Mama yangu alikuwa anavunja kipande anakisikiliza. Sikuwahi kumuuliza anasikiliza nini.

Dakika ngapi? Kumi. Haya.

Furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Wangapi hapa mmekula furu? Mikono ya wazee tu. Furu walikuwa mamia ya aina ziwani humu, mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuja watafiti wa chuo kikuu cha Leiden, Uholanzi, wakakaa hapa Ghuba ya Mwanza wanawachunguza, wanawahesabu, wanawapa majina. Miaka ya 1980 sangara akajaa, furu wakaisha kwa kasi mbele ya macho ya watafiti hao, aina nyingi hazijaonekana tena. Furu waliandikwa mapezi yao, meno yao, kina cha maji wanapokaa. Bibi yangu alikuwa anawachemsha na nini, hilo halikuandikwa. Nakumbuka miiba, nakumbuka majani fulani aliyotandaza chini ya chungu wasishike. Majani gani? Nilikuwa na miaka saba, nilikuwa nasubiri kula.

Na mtu asiniambie chakula fulani ni cha aibu hakifai kuandikwa. Mapanki. Viwanda vya minofu vilipokuja miaka ya 90 mnofu wa sangara ukaenda Ulaya, sisi tukabaki na kichwa na mifupa, na kina mama wa mji huu wakakaa juani na karai la mafuta wakalisha watu na kusomesha watoto. Humu ndani kuna waliosomeshwa na mapanki. Yale mafuta yanatakiwa yawe ya moto wa namna gani ili kichwa kikauke mpaka ndani bila kuungua, unaanza kwa kukausha juani au kwa chumvi, huo ni ujuzi, andikeni, kamuulizeni mama akiwa bado anaona vizuri.

Nilitaka niongelee samli na maziwa mgando, na ndugu zetu wa Ukerewe, na pilau tulizojifunza kwa majirani pale mjini, mwenyekiti kasimama, naacha.

Daftari liwe la kawaida, la mia tano, kalamu ya wino sio penseli. Andika na jina la mwenye mkono, na mwezi gani mlipika, na chungu au sufuria. Andika na ulichokosea. Bas.

Sasa mama wa kitenge cha bluu. Nilikwambia ntarudi. Umeniambia pale nje unatengeneza michembe na matobolwa kila mwaka, na watoto wa mjini hawajui hata kutofautisha, matobolwa unachemsha viazi kwanza ndo unakata na kuanika, michembe unakata vibichi. Haya vijana toeni simu, toeni karatasi, tuanze sasa hivi. Mama, vile viazi vya michembe, kabla hujavikata unaviacha vinyauke siku ngapi?

Mmemsikia? Anasema mpaka vinyauke kiasi.

Mama, kesho uko nyumbani? Nakuja leo jioni, nilale.