Usimuulize mtafiti "inasaidia nini", muulize "umejuaje"

Mambo vipi wadau, natumaini mko poa huko nyumbani. Leo sina matembezi ya kuwaonyesha, nimekaa tu hapa na simu yangu nataka kujibu swali ambalo mnaniuliza kila nikipiga video za maeneo ya chuo huku nilipo, mnasema hivi hao watu wa PhD wanasoma nini haswa, maana mtu anasoma miaka mitano ukimuuliza mada yake unapewa sentensi ndefu kama treni na hujaambulia kitu. Wengine mnauliza kwa kejeli kabisa, nawajua. Haya, sikilizeni.

Juzi nimekaa ukumbini naangalia mashindano ya dakika 3. Kama hujawahi kuyasikia, ni mwanafunzi wa PhD anapanda jukwaani na slaidi moja tu, slaidi yenyewe haichezichezi, haruhusiwi kushika kifaa chochote, na ana dakika 3 za kueleza kazi ya miaka yote hiyo, ukizidisha umetolewa. Yalianza Australia, University of Queensland, mwaka 2008, na chanzo chake kinachekesha, kulikuwa na ukame, watu wanahimizwa kubana maji, basi wengi wakabandika bafuni vile vipima muda vya dakika 3 ili mtu asiogelee humo nusu saa, profesa mmoja pale chuoni akaviona akajisemea kama dakika 3 zinatosha kuoga basi zinatosha na kueleza tasnifu. Ndio hivyo, wazo la bafuni limefika vyuo vya nchi nyingi.

Sasa nilichokiona pale ukumbini. Mada zilikuwa hazina hata undugu wa mbali, huyu hisabati tupu, anayemfuata magonjwa ya mimea, kisha lugha zinazokaribia kufa, kisha saruji, kisha sheria za mirathi, na mimi nikawa nashangaa mada kama kila mtu, mpaka kama mtu wa tano hivi ndio nikashtuka kwamba mada sio kitu. Kitu ni kwamba kila mmoja akifika kwenye lile neno "nimethibitisha", anamaanisha jambo lake tofauti kabisa na mwenzake aliyeshuka jukwaani dakika moja iliyopita. Na hapo ndipo nataka tukae leo.

Mchukueni mtu wa hisabati. Kuna dai la mwaka 1742, Christian Goldbach alilitaja kwenye barua aliyomwandikia mwanahisabati mwenzake Euler, na kwa lugha ya leo linasema kila namba shufwa kubwa kuliko 2 unaweza kuipata kwa kujumlisha namba tasa mbili. Yaani 28 ni 5 na 23, 100 ni 47 na 53, jaribu yoyote unayotaka itakubali. Kompyuta zimeshajaribu namba zote mpaka kufika 4 yenye sifuri 18 nyuma yake, haijapatikana hata moja iliyokataa. Wewe na mimi tungesema basi yameisha, tufunge tukalale, lakini mwanahisabati atakwambia bado hatujui. Hatujui! Kwake mifano milioni au trilioni ni dalili tu, anataka hoja inayofunga namba zote mpaka zisizo na mwisho, bila hiyo hamna kilichothibitishwa, na zaidi ya miaka 280 baadaye bado wanaitafuta.

Vuka barabara uende kwa watu wa fizikia. Hao hawawezi kudai uhakika wa namna hiyo, dunia haiwapi, kwa hiyo wamejiwekea mstari wao. Tarehe 4 Julai 2012 pale CERN, ile maabara kubwa ya Ulaya ya kugonganisha chembe, walipotangaza wameiona chembe mpya ambayo ikaja kukubalika kuwa ndiyo Higgs, hawakusema tumeipiga picha ile pale, walisema tumefika sigma 5, maana yake kama chembe haipo kabisa basi nafasi ya bahati tupu kukuletea ishara kubwa hivyo ni kama mara 1 katika milioni 3.5. Tena yalikuwa makundi mawili yenye mitambo miwili, ATLAS na CMS, kila moja na data zake. Chini ya hapo wanakwambia tuna dalili, tusubiri, na mara kibao dalili hizo zimeyeyuka baada ya data kuongezeka.

Halafu nenda saikolojia, na sehemu kubwa ya tafiti za dawa, mstari waliouzoea ni nafasi ya bahati tupu 1 katika 20. Ishirini! Sio kwamba ni wavivu jamani msije mkaninukuu vibaya, binadamu sio chembe, huwezi kumgonganisha mara bilioni ukahesabu, unapata watu mia mbili ukibahatika, na nusu wamekuja kwa sababu kuna posho. Lakini mstari mwepesi una madhara yake, mwaka 2015 watafiti wengi waliungana wakarudia tafiti 100 za saikolojia zilizokuwa zimechapishwa kwenye majarida ya maana, zile za mwanzo asilimia 97 zilikuwa zimevuka mstari, zilipofanywa upya zikavuka asilimia 36 tu. Mimi hiyo namba ilininyima amani, maana nimeshawahi kuwasimulieni humu humu mambo ya "wanasaikolojia wamegundua" kwa kujiamini kabisa. Ila angalia pia nani amelifichua hilo, ni wanasaikolojia wenyewe, hawakusubiri mtu wa fizikia aje kuwacheka.

Wa lugha ndio alinifurahisha zaidi. Maabara yake ni mzee mmoja kwenye kiti. Anamtamkia sentensi mbili, anauliza hii mnasema? Na hii je? Mzee akikunja uso akasema hapana, hiyo hatusemi, imeisha hiyo, ni data. Mtu wa takwimu angezimia, eti sampuli ya mtu mmoja, lakini fikiria mwenyewe, lugha yako ya kuzaliwa unahitaji watu wangapi wa kukuthibitishia kwamba sentensi fulani imepinda?

Wanahistoria nao wana ukali wao, wanaanza kwa kuushuku ushahidi wenyewe. Kulikuwa na hati maarufu Ulaya iliyodai kwamba Kaisari Konstantino alimkabidhi Papa mamlaka juu ya Roma na nchi za magharibi, ikatumika karne na karne, mwaka 1440 msomi wa Italia, Lorenzo Valla, akaishika akaisoma kwa makini, akaonyesha kwamba Kilatini chake na vyeo vilivyotajwa humo sio vya zama za Konstantino, ni hati ya kughushi. Hakuchimba popote wala hakupima kitu, alisoma tu.

Sasa hapa nawaombeni mtulie maana hii ndiyo iliyonifanya niwashe kamera. Kule Babeli ya kale kulikuwa na wataalamu wa kuandika mambo ya anga kwenye vibao vya udongo, kwa ule mwandiko wa kikabari, wa alama zenye umbo la kabari, usiku baada ya usiku, kwa mamia ya miaka. Tarehe 15 Aprili mwaka 136 kabla ya Kristo jua likapatwa lote, wakaandika kwamba lilianza nyuzi 24 baada ya jua kuchomoza, na uzi mmoja kwao ni dakika 4, kwa hiyo ni dakika 96, wakaandika sayari za Zuhura na Utaridi zilionekana mchana kweupe, hata Mshtarii na Mirihi ambazo kipindi hicho huwa hazionekani zikajitokeza. Kibao kikafukiwa ardhini huko. Miaka elfu mbili na ushee baadaye kinachimbuliwa, anakuja mtu ambaye ujana wake wote ameumalizia kujifunza lugha ambayo hakuna anayeiongea, anakisoma.

Halafu anatokea mtu wa anga na hesabu zake, anazungusha dunia kinyumenyume kwa kompyuta mpaka siku ile, na hesabu inakataa, inasema kivuli cha mwezi siku hiyo kilipita mbali sana upande wa magharibi, Babeli hawakupaswa kuona jua limepatwa lote. Nani muongo? Hamna muongo. Tatizo ni kwamba hesabu ilichukulia siku ya wakati ule ina urefu sawa na ya leo, kumbe dunia inapunguza mwendo, mwezi unavuta maji ya bahari na ule mvutano unaikaba dunia kidogo kidogo, siku inarefuka kama milisekunde 1.8 kila karne. Ni kitu kidogo hata huwezi kukihisi, ila kikijilimbikiza siku kwa siku kwa zaidi ya miaka 2,000 kinazaa tofauti ya zaidi ya saa 3, na ndio maana kivuli kilihama. Na haijaishia hapo, ukikokotoa mvutano wa maji peke yake unatarajia siku irefuke zaidi ya hiyo 1.8, kwa hiyo kuna kitu kinairudishia dunia kasi kidogo, na sehemu ya maelezo ni kwamba ardhi iliyokandamizwa na barafu nzito ya zamani bado inainuka polepole mpaka leo. Yaani mtu wa barafu, mtu wa bahari, mtu wa anga na msomaji wa udongo wako kwenye makala moja, na hamna hata mmoja kati yao angeweza kuifikia hiyo namba kwa kutumia "nimethibitisha" ya fani yake peke yake.

Kwa hiyo likija lile swali la "utafiti huo unasaidia nini", mimi siku hizi naliona swali dhaifu. Sio baya, pesa za umma lazima ziulizwe, lakini jibu lake mara nyingi ni porojo ya kuombea ufadhili, kila mtu anakwambia kazi yake itaokoa dunia, na wewe huna jinsi ya kumkagua. "Umejuaje" haina pa kujificha. Mtafiti mzuri uso unang'aa, anavuta kiti, anaanza kukueleza alipokwama. Mbabaishaji anaanza kukutajia majina ya watu wakubwa.

Na hata mtafiti mwenyewe hajui kazi yake itamfaa nani. Andrew Ellicott Douglass alikuwa mtu wa nyota huko Arizona, Marekani, akitaka kujua mzunguko wa madoa ya jua, ule wa kama miaka 11, akafikiri labda jua likibadilika mvua nayo inabadilika na miti inaandika kwenye pete zake, zile duara za ndani ya shina ambazo mti huongeza moja kila mwaka, akaanza kukata na kuhesabu pete. Watu wa akiolojia wakamletea magogo ya magofu ya Wapueblo, wenyeji wa asili wa huko, ambayo miaka yake ilikuwa inabahatishwa tu. Alikuwa na mfululizo wa pete wa miti hai na mwingine wa magofu, katikati kuna pengo, mpaka mwaka 1929 lilipopatikana gogo lililoungua pale Show Low, huko huko Arizona, lililounganisha pande zote mbili, ghafla magofu kibao yakapata mwaka wake kamili wa kukatwa miti. Lile swali lake la jua lenyewe hakufanikiwa kuwashawishi wenzake.

Haya, ijumaa yule wa hisabati amekubali nimuwekee kamera, kasema hana muda mrefu. Niachieni maswali yenu hapo chini nimpelekee, ila atakayeandika "inasaidia nini" nalifuta.