Mbuzi ndani ya sanduku: tulivyotafuta chumba cha bei nafuu Corniglia

ZUU: Haya karibuni tena jamani, ni Zuu hapa Milano, mkisikia sauti imekwaruza msishangae, nimerudi Cinque Terre, vile vijiji vya pwani huku Italia, juzi na Mama, na upepo wa kule mwezi wa kumi jioni unakata.

SUDI: Sudi hapa, La Spezia. Mama yupo? Mpe shikamoo yangu.

ZUU: Anasema marahaba mwanangu, yuko jikoni. Sa leo tuliahidi mambo matano ya kuangalia ukitafuta chumba cha bei nafuu kijiji kidogo cha pwani huku Italia, maana wengi mmetuuliza, na nimeyaandika yote matano, karatasi hii hapa.

SUDI: Basi anza la kwanza mapema dada, mi naingia zamu saa mbili.

ZUU: La kwanza ni mlima. Vijiji ni vitano, Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore, lakini Corniglia ndo peke yake haijakaa majini, iko juu ya jabali kama mita mia, na stesheni ya treni iko chini kabisa. Mi natafuta chumba cha siku tatu, Vernazza nakuta yuro 140, 150 kwa usiku, Monterosso usiseme, kule ndo kwenye ufuo mkubwa wa mchanga, halafu Corniglia nakuta chumba na jiko lake, yuro 80. Nikajiuliza kulikoni. Kumbe kulikoni ni ngazi 382.

SUDI: Lardarina.

ZUU: Lardarina hiyo hiyo, ngazi za matofali zinapinda hivi zinapinda hivi, na kuna kibasi cha kupandisha watu kutoka stesheni lakini sisi treni ilichelewa tukafika kibasi cha mwisho kimeshaondoka. Mimi na Mama, ana miaka 63, na sanduku.

SUDI: Na mi nilikwambia.

ZUU: Hukuniambia habari za kibasi, uliniambia nilale La Spezia, hiyo tutafika. Sa sanduku lenyewe halibebeki. Namuuliza Mama umetia nini humu, ananijibu mbuzi.

SUDI: Mbuzi?

ZUU: Mbuzi ya kukunia nazi! Ameitoa Malindi kwenye ndege mpaka Milano, na Milano akanunua nazi tatu, kwa sababu nilimwambia chumba kina jiko, na yeye akasema chumba kikiwa na jiko hatuli hotelini hata siku moja.

SUDI: Na ni kweli, mkila nje watu wawili mara mbili kwa siku zile yuro ulizookoa kwenye chumba zimekwisha.

ZUU: Sa sikiliza. Nampigia mwenye nyumba nimwambie tumechelewa, Mama ananinyang'anya simu. Mnajua Mama kapika kwenye hoteli za Waitaliano Malindi miaka mingi, Kitaliano chake ni cha Malindi, kinakwenda mbele hakirudi nyuma. Anamwambia, Signora, valigia pesante, dentro c'è la capra.

SUDI: Subhanallah.

ZUU: Sanduku zito, ndani kuna mbuzi! Capra si ndo mbuzi? Kwake yeye ametafsiri sawasawa. Kule upande wa pili kimya. Halafu namsikia yule mwenye nyumba anauliza pole pole, viva? Yuko hai?

SUDI: Na Mama akasemaje?

ZUU: Mama anasema no no, di legno, ya mti. Hapo ndo akamchanganya kabisa, ananiomba mimi, ananiambia kwa heshima lakini, dada, kwenye tangazo niliandika wanyama hawaruhusiwi.

SUDI: (anacheka) Wallahi Bi Mkubwa huyu!

ZUU: Basi tumepanda, tunapumzika kila kona, Mama anahesabu ngazi kwa sauti, amefika 377, anasema walioandika 382 wamezidisha. Tunafika juu, yule mama kasimama mlangoni, kashika tochi, hatuangalii usoni, anaangalia nyuma yetu. Anatafuta mbuzi!

SUDI: Nilikuwa nafikiri atakuwa amefunga mlango.

ZUU: Akatupokea vizuri sana, akatengeneza chai, akapiga picha pasipoti zetu maana lazima apeleke majina polisi ndani ya saa 24, akachukua na ile kodi ya kulala, tassa di soggiorno, kwa mkono, yuro chache kwa kila mtu kwa kila usiku. Hiyo ni la pili kwenye orodha yangu, ile bei unayoona kwenye apu mara nyingi haina hiyo kodi ndani, beba pesa taslimu. Lakini macho yake yako kwenye sanduku. Mama akalifungua. Akaitoa mbuzi, akaikunjua, akaiweka sakafuni, akaikalia, akapasua nazi akaanza kukuna. Yule mama akaweka mkono mdomoni. Akasema, ecco la capra. Kumbe ndo huyu.

SUDI: Ndo hii.

ZUU: Hapo sasa! Mama naye akamwambia hivyo hivyo, Kiswahili chetu mbuzi anayekula majani ni huyu, inayokuna nazi ni hii, na yule mama mpaka tunaondoka anajaribu kusema "mbuzi hii". Asubuhi ya pili majirani wawili wameletwa kuiona. Mmoja mzee wa mizabibu kaipindua akakagua kile chuma cha meno, akasema nani amekifua, kazi nzuri. Akakaa akakuna. Mama amesimama juu yake, piano piano babu, usifike kwenye kifuu utaharibu tui.

SUDI: Mkapika nini?

ZUU: Acciughe. Tumeshuka Monterosso kwa treni, kule dagaa hao ndo sifa yao, wanawatia chumvi tangu zama, Mama akachukua wabichi, akawapika kama dagaa wa nazi, ndimu akakosa akatia limau la hapo hapo. Tumekula watu watano kwenye chumba cha watu wawili. Yule mzee kafuta sahani kwa mkate.

SUDI: Dada Zuu, dakika 20 zimekwenda na mbuzi.

ZUU: Nakwenda la tatu. La tatu ndo ulale kijijini au ulale nje, na hapa najua hatutaelewana. Wewe sema kwanza.

SUDI: Mi nasema lala La Spezia. Au Levanto upande ule mwingine. Mji una soko, una vyumba vya bei ya kawaida, ngazi hakuna, na treni mpaka Riomaggiore ni dakika kama 8. Na sisemi kwa sababu ya bei tu.

ZUU: Bei yenyewe hebu tuihesabu. Ile treni ya vijijini siku za wageni wengi tiketi inafika yuro 10 kwenda peke yake, watu wawili kwenda na kurudi 40. Siku tatu! Nikiongeza kwenye chumba chako cha La Spezia unafuu uko wapi?

SUDI: Siku za wageni wachache ni 5, halafu kuna kadi ya siku unapanda utakavyo. Lakini nimesema si bei. Mi ni mtu wa Lamu. Nimekua naona nyumba za Shela zinanunuliwa moja moja na watu wa Ulaya, nyumba nzuri, zikatengenezwa vizuri, na vijana tuliozaliwa pale tukioa hatupati pa kuishi. Corniglia ina watu mia mbili hivi. Kila chumba cha yuro 80 kilikuwa chumba cha mtoto wa mtu, na huyo mtoto leo yuko huku La Spezia, mi nafanya nao kazi jikoni, wananiambia kwetu hatuwezi kupanga, mwenye nyumba anapata kwa wiki tatu za mwezi wa saba kile ambacho mimi namlipa miezi minne.

ZUU: Na yule mama je? Ana miaka 70 na kitu, mume amefariki, watoto wako Torino, hicho chumba ndo kinamlipia paa na dawa. Wanaoharibu vile vijiji ni wanaokuja asubuhi elfu kwa maelfu, wanapiga picha, wananunua aiskrimu, saa kumi na moja wameondoka. Mimi nimelala, nimenunua mkate kwake, dagaa kwa mvuvi, majirani nawajua kwa majina.

SUDI: Kwa siku tatu.

ZUU: Kwa siku tatu ndiyo! Wewe unataka aende nani, asiende mtu?

SUDI: Waende, warudi walale mjini. Dada, tarehe 25 mwezi wa kumi 2011 mvua ilishuka, Vernazza ilijaa tope mpaka milango ya ghorofa ya chini haionekani, Monterosso vile vile. Waliochimba kwanza ni wenyeji, na makoleo yao. Sa nyumba zote zikiwa na kisanduku cha funguo mlangoni, mvua ikija nani atashika koleo? Zile kuta za mawe za mizabibu, zimejengwa bila saruji, zinataka mtu wa kuzirudishia mawe kila mwaka, mashamba yameachwa na kuta zinaanguka, mlima unashuka nazo.

ZUU: Na yule mzee wa mizabibu ameniambia kinyume chake. Mwanawe alirudi, analima zabibu za sciacchetrà, ile divai tamu ya kule, na hawezi kuishi kwa divai peke yake, vyumba viwili vya wageni ndo vinamlipia kuta. Bila wageni wanaolala angekuwa La Spezia anaosha sahani na wewe.

SUDI: Huyo mmoja.

ZUU: Mmoja ambaye kuta zake zimesimama.

SUDI: Mi sikubali.

ZUU: Hata mi sikubali. Nafikiri umechukua uchungu wa Shela umeupeleka kwa bibi ambaye hajanunua nyumba ya mtu, amezaliwa kwenye ile nyumba.

SUDI: Na mi nafikiri umekutana na bibi mmoja mzuri ukasahau nyumba kumi za jirani yake ambazo wenyewe hawajafika tangu mwaka jana.

ZUU: ...

SUDI: Saa ngapi hapo?

ZUU: Saa moja na dakika 40. Haya, la nne na la tano hatuwezi kufika, mtanisamehe. La nne nilitaka kusema tu mwombeni mwenye chumba namba yake ya CIN, ile ya usajili wa chumba, tangu 2025 kila chumba cha wageni Italia lazima iwe kwenye tangazo na mlangoni, asiyekuwa nayo msimtumie pesa. La tano ni refu, linahusu miezi ambayo vyumba vinafungwa, tuliache.

SUDI: Mi natafuta viatu. Mama anapika nini, nasikia mpaka huku?

ZUU: Wali, lakini ana hasira. Hana mbuzi.

SUDI: Iko wapi?

ZUU: Imebaki Corniglia. Yule mama aliomba akune nazi ya mwisho usiku ule, asubuhi tukakimbilia kibasi, tumefika Genova ndo Mama anakumbuka. Sa Sudi, wewe ndo uko karibu, robo saa tu kwa treni...

SUDI: Dada.

ZUU: Alhamisi huna zamu. Nimeshampigia, amesema atakupikia.

SUDI: Kibasi cha mwisho cha kushuka ni saa ngapi?

ZUU: Alhamisi sijui, yeye amesema hata ukikosa kibasi chumba kiko wazi.

SUDI: Nitapanda nichukue mbuzi ya Mama. Silali.

ZUU: Mwambie mwenyewe, anakuja kwenye simu. Mama, ni Sudi.