Kinachomsukuma Mfugaji: Moyo, Mfuko na Ustawi wa Wanyama

Wafugaji wenzangu, madaktari wa mifugo, maafisa ugani, mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Tunapomshauri mfugaji awatunze wanyama wake vizuri zaidi, karibu kila mara tunaanza na faida: fanya hivi, utapata maziwa mengi. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini tukiitegemea peke yake tutawaacha wanyama wengi katika maumivu.

Nianze na ukweli wake. Ng'ombe akishikwa kwa upole wakati wa kukamuliwa, mwili wake hutoa oksitosini, homoni inayobana vifuko vya maziwa ndani ya kiwele mpaka yashuke. Akipigwa au akifokewa, adrenalini, homoni ya hofu, huzuia kazi hiyo, na sehemu ya maziwa hubaki humohumo. Huko Australia, watafiti Paul Hemsworth na Grahame Coleman walitumia miaka mingi kuonyesha kwamba nguruwe na ng'ombe wanaomwogopa mhudumu wao huzalisha kidogo. Hofu hiyo haihitaji ukatili mkubwa: kofi, makelele na kusukumwasukumwa kila siku vinatosha kuijenga. Hata mnyama anayehangaishwa kwa muda mrefu kabla ya kuchinjwa humaliza akiba ya nguvu katika misuli, nyama ikawa nyeusi na kavu, na bei ikashuka. Hapa moyo na mfuko vinakwenda pamoja.

Sasa tazameni ng'ombe anayechechemea. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2003 ulikuta takriban asilimia 22 ya ng'ombe wa maziwa wakichechemea, ilhali wafugaji wenyewe walikadiria chini ya asilimia 6. Siwaiti waongo wala wakatili. Mtu akimwona mnyama yuleyule asubuhi na jioni, mwendo mbaya huzoeleka. Na hasara yake haionekani: dawa ya kwato ina risiti, maziwa yaliyopotea hayana. Utafiti mwingine wa hukohuko, wa mwaka 2010, uliwauliza wafugaji kitu gani kingewasukuma kushughulikia miguu ya ng'ombe. Miongoni mwa majibu yaliyobeba uzito mkubwa yalikuwa fahari ya kuwa na kundi lenye afya, na huruma kwa ng'ombe anayeumia.

Fahari na huruma, jamani! Nasi tunaingia zizini na kikokotoo mkononi. Nawasihi maafisa ugani: kabla ya kutaja lita, tembeeni na mfugaji katikati ya ng'ombe wake, mkawatazame pamoja wanavyokanyaga. Mara nyingi atamtambua mgonjwa yeye mwenyewe, na ataumia kumwona.

Lakini kuna mahali ambapo moyo na mfuko huachana, na lazima tuseme hivyo waziwazi. Mchumi John McInerney alilieleza vizuri: ukianza na mnyama aliyetelekezwa, matunzo na mapato hupanda pamoja, lakini ukifika kiwango fulani, kila ongezeko la uzalishaji hulipwa na mwili wa mnyama. Kuku waliosongamana vizimbani hutoa yai la bei nafuu hata kama kila mmoja wao anaishi vibaya. Kumwahidi mfugaji wa kuku hao kwamba kuwapa nafasi kutamtajirisha ni kumdanganya, na akigundua hatatusikiliza tena.

Basi gharama aibebe nani? Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 1999 agizo la kuondoa vizimba vitupu vya kuku wa mayai, yaani visivyo na kiota wala kijiti cha kutulia, likaanza kubana kikamilifu mwaka 2012. Muda huo mrefu ulikuwa wa haki: mwenye vizimba alipata nafasi ya kuvitumia huku akijipanga, na jirani asiyejali hakuruhusiwa kumshinda kwa bei kwa kuwabana kuku wake. Pengo lilibaki kwa mayai yanayoagizwa kutoka nje, ambayo agizo hilo halikuyagusa. Mfugaji aliyewekeza kwenye mabanda mapya akilalamikia hilo, yuko sahihi kabisa, na sisi tunaomtaka awe mwema tunapaswa kulalamika pamoja naye.