Nani Alishusha Barakoa Kwanza?

Mhadhara uliotolewa katika ukumbi wa jamii, Eastlands, Nairobi

Asanteni. Ketini, mama zangu, msisimame kwa ajili yangu, mimi si mbunge.

Walionisikia mwaka jana wanajua nitaanzia ndani ya matatu. Mnivumilie, nitaanzia hukohuko, maana miaka yote niliyofanya kazi ya afya ya umma sijapata darasa kama lile.

Ilikuwa 2020, ile miezi ya Korona, abiria 8 kwenye gari la 14, nauli imepaa, kafyu inatukimbiza nyumbani. Tumetoka mjini, tumeshika Jogoo Road. Barakoa kila mtu anayo. Ziko wapi? Kidevuni. Moja inaning'inia sikioni kama hereni. Mara makanga akachungulia mbele, akagonga bati: "Barakoa juu, wazee! Karao hao!" Zikapanda zote kwa pamoja, utadhani kwaya iliyofanya mazoezi. Tukapita kizuizi. Hatujaenda mbali, zikashuka zote.

Zote isipokuwa moja. Hapo ndipo nilipomwona mama mmoja nyuma ya dereva, mfuko wa sukumawiki mapajani, barakoa yake haijashuka tangu tupande. Hakumkemea mtu. Hakuhubiri. Kijana aliyekuwa karibu naye akamtazama, akatazama dirishani, kisha akapandisha yake taratibu kama mtu anayejikuna pua. Halafu mzee wa nyuma yao. Tulipofika Makadara zilikuwa nne juu, na ya nne ilikuwa yangu.

Ndiyo, chekeni. Yangu! Mimi niliyekuwa na vipeperushi vya wizara kwenye mkoba, mimi niliyeshinda asubuhi nzima nikiwafundisha watu kuosha mikono. Hakuna mtu mle ndani aliyeijua Korona kunishinda. Nilishusha kwa sababu niliona aibu kubaki peke yangu nimejifunga mdomo kama mgonjwa. Elimu yangu yote ilishindwa na abiria wachache nisiowajua hata majina.

Hilo ndilo ninalolipigia kelele miaka hii yote. Mtu akitaka kujua afanye nini, hasomi bango. Anamtazama jirani. Na hapo anatazama mambo mawili: wenzangu wanafanya nini, na nikifanya tofauti watanionaje. Mambo hayo mawili kwa pamoja ndiyo ninayoyaita kaida. Yule makanga alitufundisha kaida, msidhani hakutufundisha. Alitufundisha kwamba barakoa ni dawa ya polisi.

Najua kuna mtu ananingoja hapo katikati. "Daktari, wewe unaongea kaida, watu walikuwa na njaa." Kwanza mimi si daktari. Pili, ni kweli. Mama anayenunua maji kwa mtungi hawezi kuambiwa anawe kila nusu saa, na anayekula alichovuna leo hawezi kuambiwa akae ndani. Kaida haileti maji. Lakini barakoa zile tulikuwa nazo tayari! Zilikuwa zimelipiwa, zimevaliwa, zimekosa sentimita chache tu kufika puani. Hizo sentimita usiziite umaskini.

Serikali nayo? Mutahi Kagwe, Waziri wa Afya wa wakati ule, alituonya kwamba tukiishi kikawaida, ugonjwa utatutenda isivyo kawaida. Maneno mazuri, nayakubali. Lakini kawaida na kaida ni ndugu wa tumbo moja, na kawaida haifukuzwi kwa amri. Inafukuzwa na kawaida nyingine. Tulipewa nini badala yake? Faini ya hadi shilingi 20,000 au jela miezi 6. Tulipewa virungu, na hapa hapa Eastlands, huko Kiamaiko, mtoto wa miaka 13 akapigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao, siku chache tu baada ya kafyu kuanza. Baada ya hapo nani angeona kafyu kuwa jambo la afya?

Tena tukawa tunaambiwa kila mara: Wakenya hawasikii, Wakenya ni wakaidi. Jamani! Marekani, jimbo la Arizona, kuna hifadhi iitwayo Petrified Forest, yenye miti ya kale iliyogeuka mawe. Wageni walikuwa wakidokoa vipande. Mtafiti Robert Cialdini na wenzake wakajaribu mabango. Bango lililolalamika kwamba wageni wengi wamebeba vipande na kuiharibu hifadhi lilizidisha wizi. Bila shaka! Umeniambia wote wanabeba, mimi ni nani nirudi mikono mitupu? Sasa rudi kwenye taarifa zetu za habari: picha za watu wasio na barakoa sokoni, kila siku. Walionyesha lini yule mama wa sukumawiki?

Na salamu. Nchi hii salamu ya mkono ni katiba. Machi 2018 wakubwa wawili, Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga, walishikana mikono ngazini Harambee House, siasa nzima ikageuka. Miaka miwili baadaye tunaambiwa tusimpe mtu mkono, hata shemeji, hata mzee wa ukoo. Ukimnyima mzee mkono umemwambia nini? Mahali kuacha mkono kulipofaulu, wazee wenyewe ndio walioanza. Mzee akiweka mkono kifuani kabla hujamfikia, amekuondolea dhambi. Angengoja wewe uanze, ungeitwa mtoto asiye na adabu.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa bado na habari ya mazishi, na habari ya chanjo.

Mazishi kwa ufupi basi. Ebola ya Afrika Magharibi ya 2014: mwanzoni timu zilizika miili bila jamaa, bila dua, na watu wakawa wanaficha maiti. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likabadilisha utaratibu, familia na viongozi wa dini wakashirikishwa, heshima ikabaki na mwili usiguswe. Ipo siku nyingine ya kulieleza hilo. Chanjo zilifika Machi 2021, mkaanza kuulizana makanisani nani amechanjwa, hiyo nayo naiacha.

Lakini hili sikubali kuliacha. Mpox, ule ugonjwa wa vipele unaoambukiza kwa kugusana, imeshathibitishwa hapa nchini tangu Julai 2024, na wahamasishaji wa afya ya jamii tunao mitaani. Wengine wamo humu, nimewaona kwa jaketi. Mnapobisha mlangoni, msianze na "watu wa mtaa huu hamsikii." Semeni nyumba ya pili wameshaweka maji na sabuni. Na iwe kweli, tafadhali, maana mama mwenye nyumba atachungulia.

Haya, maswali. Yule kijana wa nyuma anayecheka tangu nianze, wewe kwanza. Na kama wewe ndiye yule makanga, tutaongea nje.